Usitazame Maua ya Mlangoni

Wakenya wenzangu hapa Massachusetts hunipigia simu kuniuliza nyumba ipi ya wazee ni nzuri, na mara nyingi huwa wameshapendezwa na moja. Wameona sakafu inayong'aa, maua mezani pa mapokezi, piano pembeni, na dada mchangamfu aliyewapa kahawa na kuwatembeza. Dada huyo kazi yake ni kuhakikisha vitanda havikai vitupu. Mimi ni wa huku ndani. Ni msaidizi wa muuguzi, CNA kama tunavyoitwa, ninayeogesha, kuvisha, kulisha na kugeuza wazee. Nimeifanya kazi hii katika nyumba nzuri na katika nyumba mbaya, na jibu langu kwa kila anayeuliza ni lile lile: kabla hujauliza habari za chumba, uliza watu wa kumshika mzee ni wangapi.

Wengi huchagua kwa haraka. Baba amepata kiharusi, hospitali imemaliza kazi yake, ofisa wa ustawi wa jamii anakuletea karatasi yenye majina ya nyumba na anataka jibu kesho asubuhi. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, humlipia aliyetimiza masharti siku zisizozidi 100, tena baada ya kulazwa hospitalini angalau siku tatu, na siku 20 za mwanzo tu ndizo inazozilipia zote. Siku hizo 100 zikiisha unalipa mwenyewe, na akiba ikiisha ndipo Medicaid, bima ya wasio na uwezo, inapoingia. Kwa hiyo somo hili lisomwe mapema, mzee angali anatembea.

Anza na nyota. Tangu mwishoni mwa 2008 serikali ya shirikisho huzipa nyumba hizi, ambazo ni kama 15,000 nchi nzima, nyota moja hadi tano. Yeyote anaweza kuzisoma kwenye tovuti ya Medicare iitwayo Care Compare. Nyota ya jumla hutokana na mambo matatu. La kwanza ni ukaguzi: wakaguzi wa jimbo huja bila kutoa taarifa, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine haipaswi kupita miezi 15. La pili ni watumishi, ambao hesabu yao siku hizi hutoka kwenye orodha ya mishahara. La tatu ni vipimo vya afya: wangapi wana vidonda, wangapi wameanguka wakaumia vibaya, wangapi wanapewa dawa za akili. Sehemu kubwa ya vipimo hivi hujazwa na nyumba yenyewe, na mjaza fomu hapendi kujichongea. Basi usiishie kwenye nyota ya jumla. Ifungue, usome ya ukaguzi na ya watumishi kila moja peke yake. Ujue pia kwamba nyota ya ukaguzi hutolewa kwa kulinganisha nyumba za jimbo moja: asilimia 10 za juu hupata tano, asilimia 20 za chini hupata moja. Nyota tano za Massachusetts si lazima zilingane na nyota tano za Texas.

Kisha omba fomu namba 2567, ambayo ndiyo ripoti kamili ya ukaguzi. Kwa kweli hupaswi hata kuiomba, maana sheria inataka iwekwe mahali ambapo mkazi na mgeni wataisoma wenyewe. Mara nyingi ni faili nene karibu na mapokezi ambalo hakuna anayeligusa. Kila kosa limepewa herufi, kuanzia A hadi L. Ukikuta J, K au L, jua kwamba wakaguzi waliona hatari ya papo hapo kwa maisha au afya ya wakazi. Lakini soma na maelezo. Majina ya wazee hayatajwi, ila visa vimeandikwa: mkazi fulani alisubiri msalani muda gani, fulani alipewa dawa ya nani.

Utaratibu huu wa ukaguzi ulitokana na aibu. Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti kali kuhusu nyumba hizi, na mwaka uliofuata Rais Ronald Reagan akatia saini sheria ya kuzirekebisha. Kabla ya hapo kumfunga mzee kitini kwa mikanda lilikuwa jambo la kawaida. Sheria ya 1987 ilimpa mkazi haki ya kutofungwa kwa ajili tu ya kumrahisishia mtumishi kazi, na ikataka msaidizi kama mimi asomeshwe kwa saa zisizopungua 75. Mikanda imepungua sana, lakini kidonge nacho chaweza kufanya kazi ya mkanda. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Ukimkuta mzee wako anasinzia mchana kutwa na juzi alikuwa anapiga soga, waombe wakuoneshe orodha ya dawa zake.

Sasa turudi kwenye watu. Salamu yetu tukikutana kubadilishana zamu ni "Una wangapi leo?" Anayejibu "wanane" anacheka. Anayejibu "kumi na watatu" amekwisha kukupita anakimbia. Piga hesabu nami. Zamu ya asubuhi ina dakika 480, toa 30 za kula, zinabaki 450. Mwenye wazee wanane ana dakika 56 kwa kila mmoja. Mwenye 13 ana dakika 35. Ndani ya dakika hizo kuna kuoga, kuvaa, msalani, kupiga mswaki, kifungua kinywa na chakula cha mchana. Mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye akiharakishwa atapaliwa, kifungua kinywa chake tu chaweza kuchukua nusu saa. Atalishwa hadi lini, na nani atakosa kuogeshwa?

Massachusetts tangu 2021 inadai kila mkazi apate wastani wa saa 3.58 za wauguzi na wasaidizi kwa siku nzima. Serikali ya shirikisho ilitoa kanuni yake mwaka 2024, saa 3.48 kwa nchi yote, lakini mwaka 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikaitengua. Hivyo usidhani kuna kiwango kimoja kila uendako. Tovuti ile ya Care Compare inaonyesha pia watumishi wa mwishoni mwa wiki, na ni wangapi wameacha kazi ndani ya mwaka. Takwimu hizo mbili mimi huziamini kuliko picha zote, kwa sababu anayemjua mzee ni yule aliyekaa naye muda mrefu. Ndiye atakayegundua kwamba leo bibi hakumaliza chai, na kwamba hilo si kawaida yake.

Ukienda kutazama, usiende Jumanne saa nne asubuhi. Nenda Jumamosi saa kumi na moja jioni, wakati wa chakula. Tazama kama anayelisha ameketi au amesimama juu ya kichwa cha mzee huku akitazama kwingine. Taa juu ya mlango huwaka mzee anapobonyeza kengele. Simama ukumbini uone itazimwa baada ya muda gani, na aliyeizima ameingia kufanya kitu au kusema "narudi". Angalia jagi la maji kama mzee analifikia. Nimewahi kukuta kengele imefungwa upande wa kushoto wa kitanda cha mtu aliyepooza mkono wa kushoto. Chumba kilikuwa safi mno.

Kama ndugu yako tayari yumo ndani, tazama ngozi. Asiyejigeuza mwenyewe anahitaji kugeuzwa mara kwa mara, na desturi ya kazi yetu ni kila baada ya saa mbili. Vidonda huanzia kwenye visigino, nyonga na mfupa wa mkia. Vitabu vinasema dalili ya kwanza ni wekundu usiofifia ukibonyezwa. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na asiyejua hili atapita bila kuona kitu. Pitisha kiganja: sehemu inayoanza kuharibika huwa na joto au baridi kuliko ya jirani, ngumu au laini kupita kawaida, au imeiva rangi ya zambarau. Mwambie muuguzi papo hapo na umtake aandike.

Wazee wetu wana tatizo jingine. Ugonjwa wa kusahau waweza kula kwanza lugha iliyojifunzwa ukubwani, Kiingereza kikaondoka, mzee akabaki na Kiswahili au kilugha cha kwao. Nilimhudumia bibi mmoja wa kwetu ambaye faili lake lilisema ni mtulivu na hana maumivu. Nilipomwamkia "Shikamoo, bibi," alinishika mkono: "Marahaba mwanangu. Nyonga hii inaniua." Alikuwa akiwaambia watumishi siku zote, nao wakimtabasamia. Sheria inampa mkazi haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa. Uliza kabla ya kusaini: mkalimani atapatikanaje, hata kwa simu, na usiku je?

Na kusaini kwenyewe kuwe kwa macho mawili. Nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid hairuhusiwi kumlazimisha mtoto awe mdhamini wa deni kwa mali yake ili mzazi apokelewe. Wala haiwezi kukulazimisha ukubali kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi badala ya mahakama. Karatasi hizo huchomekwa katikati ya nyingine nyingi. Kama umezitia saini za msuluhishi, una siku 30 za kujitoa. Kila jimbo lina pia mtetezi wa wakazi, anayeitwa ombudsman. Msaada wake ni bure na namba yake lazima ibandikwe ukutani. Mpigie hata kabla ya kuchagua, kwa kuwa anajua malalamiko yanatoka wapi.

Nyumbani Afrika Mashariki hakuna nyota wala fomu 2567 za kufungua. Lakini aliye na mzee katika makao ya wazee ya Nunge kule Kigamboni, ya Sebleni Unguja, au katika nyumba za binafsi zinazofunguliwa Nairobi, anaweza kuuliza maswali haya haya, kwa kuwa kisigino ni kile kile na usiku una urefu ule ule.

Kwa maoni yangu, nyumba ya nyota tatu yenye wasaidizi waliokaa miaka na wenye wazee wanane kila mmoja inaishinda ya nyota tano inayobadili sura kila mwezi. Basi piga simu leo uulize jambo moja: Jumapili usiku, msaidizi mmoja ana wazee wangapi? Nyumba isiyotaka kukupa namba hiyo, ifute kwenye orodha yako.