Daftari za Wamennonite wa Amsterdam

Unaweza kupita mtaa wa Singel, katikati ya Amsterdam, usijue kwamba umepita kanisani. Wakristo wa Kimennonite walilijenga kanisa lao mwaka 1608 nyuma ya nyumba za watu, kwa kuwa serikali iliwavumilia wasio wa kanisa lililopendelewa na dola mradi ibada yao isionekane barabarani. Hapakuwa na mnara wala kengele. Jirani palikuwa na kiwanda cha bia kilichoitwa Mwanakondoo, na waumini wakaitwa kwa jina hilo.

Waliosali mafichoni namna hiyo waliandika sana. Profesa J. G. de Hoop Scheffer aliorodhesha nyaraka zao katika juzuu mbili, 1883 na 1884, na leo zinatunzwa katika hifadhi ya nyaraka ya jiji. Mila zao zimo humo. Katika daftari la ubatizo hutakuta kitoto kichanga: kila jina ni la mtu mzima aliyekiri imani kwa kinywa chake. Kwa desturi hiyo wazee wao wa karne ya 16 walichomwa moto na kuzamishwa majini. Kiapo hawakuapa, na dola ikakubali neno lao tupu badala yake. Silaha hawakushika. Wajane, yatima na maskini walikuwa mzigo wa mashemasi.

Ugomvi nao umeandikwa. Mwaka 1664 usharika uligawanyika: upande mmoja ulimfuata Galenus Abrahamsz, tabibu na mhubiri aliyekataa kwamba kanisa lolote linaweza kujiita la kweli peke yake, upande wa pili, wa Samuel Apostool, ulishika ungamo la imani na kuhamia kanisa lililoitwa Jua. Walipatana mwaka 1801. Nawaheshimu kwa kutouchana ukurasa huo.

Lakini hazina kubwa kuliko zote, kwangu mimi, ni barua. Mwaka 1710 Wamennonite wa Uholanzi waliunda kamati ya kuwasaidia ndugu zao waliofukuzwa Uswisi, hasa Bern. Barua za wakimbizi, maombi ya chakula na nauli, na majibu yake, zilitunzwa Amsterdam. Baadhi ya Waswisi hao walivuka bahari hadi Pennsylvania, wakakaa Lancaster. Na ni Lancaster walikotoka wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1934. Kwa hiyo mkristo wa Kanisa la Mennonite Tanzania, awe Musoma au Dar es Salaam, ana sehemu ya historia yake katika makasha ya Amsterdam.

Sehemu nyingine iko nyumbani: katika daftari za ubatizo, mihtasari ya vikao na barua za wachungaji wa kwanza wa mkoa wa Mara. Wenye kuzitunza, zitoeni kabatini, zipigeni picha, na mwandike kumbukumbu za wazee wakingali hai.