Sungura anakonda na chakula kipo? Mwangalie meno

Mfugaji wa sungura anaweza kumpa mnyama wake dawa ya minyoo, kumbadilishia chakula na kumtenga na wenzake, na bado akaendelea kukonda. Mara nyingine tatizo halimo tumboni. Limo mdomoni, na wengi wetu hatufikirii kulitazama.

Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Yale ya mbele huongezeka takriban milimita 2 kila wiki, yaani zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Yanabaki mafupi kwa sababu moja tu: ya juu na ya chini husagana kila anapotafuna. Yakikosa kukutana sawasawa, hakuna cha kuyapunguza. Ya chini hutokeza nje ya mdomo kama pembe, ya juu hujikunja kuelekea ndani, na sungura hushindwa kuokota hata jani. Magego nayo hukua vivyo hivyo. Yakiota ncha kali, hukata ulimi na mashavu, na huko mfugaji haoni.

Dalili ni kidevu kilicholowa mate, sungura kuokota chakula na kukiangusha, macho kutoa machozi, uvimbe kwenye taya, na kinyesi kuwa kidogo kuliko kawaida. Usingoje. Sungura asiyekula kwa siku nzima yuko hatarini, kwa kuwa utumbo wake hauwezi kukaa mtupu.

Chanzo kikubwa cha meno ya mbele kupishana ni uzazi. Dume na jike wenye meno mazuri kabisa wanaweza kuwa wamebeba kasoro hiyo na kuwarithisha watoto wao, nayo ikaonekana watoto wakiwa na wiki chache tu. Hapa ndipo penye hasara kubwa, maana katika vijiji vingi dume mmoja huazimwa boma hadi boma, kisha hupandishwa kwa binti zake mwenyewe. Ukiona watoto wawili watatu wa uzao mmoja wana meno yaliyopishana, usiwarudishe wazazi hao pamoja, na usiwauze watoto hao kwa ajili ya kuzalisha. Mwambie na jirani aliyekuazima dume, hata kama hatapenda kusikia.

Chanzo kingine ni ajali: kuanguka, au kuguguna waya wa kizimba. Cha tatu ni chakula. Sukuma wiki, kabeji na chakula cha madukani hutafunwa upesi na hayasagi meno vya kutosha. Nyasi kavu, kama boma rhodes, ziwepo kizimbani usiku na mchana.

Tafadhali usikate meno kwa plasi wala kikata kucha. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, kisha taya huingia usaha. Daktari wa mifugo huyapunguza kwa kifaa cha kusaga, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya wiki chache. Akiona inafaa, huyang'oa kabisa yale ya mbele, na sungura huishi vizuri kwa majani yaliyokatwakatwa. Kasoro hii haiambukizi, lakini mnyama mwenye usaha asiliwe kabla ya kuonyeshwa afisa wa mifugo.

Kuhusu sungura wa porini, ambao watoto hupenda kuwafukuza na mbwa: hao ni jamii tofauti na hawa wetu, ambao asili yao ni Ulaya. Nao meno yao hukua daima, ila mwenye kasoro porini hafiki mbali kabla ya kufa njaa au kukamatwa na mbweha. Kumbuka pia kwamba uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977.

Mara moja kwa mwezi, inua mdomo wa juu wa kila sungura taratibu. Meno makubwa ya juu yanapaswa kuwa mbele kidogo ya yale ya chini. Ukiona vinginevyo, mtie kwenye sanduku lenye matundu na nyasi kidogo, umpeleke kwa afisa wa mifugo wa wadi yako, na umweleze anakula nini na wazazi wake ni nani.