Baridi ya Sumbawanga Inaanzia Juu

Kazi yangu ni kupiga dari. Mji wetu wa Sumbawanga umekaa mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia simu yangu haitulii. Wanaonitafuta zaidi ni wageni: watumishi waliohamishwa kutoka Dar es Salaam au Tanga, na wafanyabiashara waliopanda kutoka bondeni, Muze na Mtowisa, ambako Ziwa Rukwa liko chini yetu kwa karibu mita 1,000. Wamekuja na shuka jepesi na feni. Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita wananiuliza swali lilelile: "Fundi, ninunue nini cha kupasha nyumba joto? Hita, gesi, au niwe naingiza jiko la mkaa jioni?"

Huwa nawaomba kwanza waangalie juu.

Nyumba nyingi za hapa, kuanzia Katandala hadi Chanji, ni kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati, na vyumba vingi havina dari. Ukuta wa tofali si mbaya. Unakunywa jua mchana na kulitoa polepole usiku. Bati ndilo linalotuumiza. Ni jembamba, halizuii joto hata kidogo, na usiku wa kiangazi, mbingu ikiwa safi bila wingu, linatoa joto lake kwenda angani hadi linakuwa la baridi kuliko hewa iliyo nje. Ndiyo sababu alfajiri unaamka ukakuta matone yananing'inia upande wa ndani wa bati, mengine yameshadondokea blanketi. Ile si mvua. Ni pumzi za waliolala, zimepanda, zimegusa bati na kugeuka maji.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 4. Tuseme ndani unataka nyuzi 20 na nje ni nyuzi 10. Paa la bati tupu la chumba hicho linapitisha joto la wati 800 hivi, saa baada ya saa. Maana yake, ukiwasha hita ya wati 1,500, zaidi ya nusu ya nguvu yake inapasha joto anga la Rukwa. Piga dari ya jipsamu, hewa ikae imetulia kati yake na bati, na upotevu ule unashuka chini ya wati 400. Tandaza juu ya dari sufi ya vioo yenye unene wa sentimita 5 tu, na unashuka chini ya 100. Nyumba za babu zetu zilizoezekwa nyasi nene zilikuwa na joto kwa sababu hiyohiyo: hewa iliyonaswa katikati ya nyasi haitembei, na hewa isiyotembea haibebi joto. Sisemi turudi kwenye nyasi. Zinaungua, zinaoza, na kila baada ya miaka kadhaa unaezeka upya. Lakini tulipoweka bati tuliondoa blanketi la nyumba, na wengi hatukurudisha kitu mahali pake.

Kisha kuna mwanya. Kati ya kichwa cha ukuta na bati, pale kenchi zinapokalia, mafundi wengi huacha wazi. Upepo wa kusini-mashariki unaovuma uwandani kwetu miezi ya kiangazi unaingia upande mmoja na kutokea wa pili, umebeba joto lote ulilonunua. Kuuziba kwa vipande vya tofali na udongo ni kazi ya siku moja na gharama yake ni ndogo sana.

Sasa jiko la mkaa, ambalo ndilo hita ya watu wengi hapa. Naelewa kwa nini linapendwa. Kilo moja ya mkaa ina nguvu ya uniti 8 za umeme hivi, kwa hiyo nusu kilo inayowaka jioni inatoa joto karibu sawa na hita ya wati 1,500 iliyowaka saa tatu. Na kwa kuwa halina bomba la moshi, joto lote linabaki chumbani. Kwa hesabu ya joto peke yake, ni chombo kinachotupa kidogo sana.

Lakini na sumu yote inabaki chumbani. Mkaa unaowaka mwekundu bila moshi unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Ukiivuta, inashika chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu inazunguka mwilini ikiwa haina nafasi ya kubeba oksijeni. Kinachoanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Wengine hudhani ni malaria wakajifunika vizuri zaidi. Aliyelala hapati hata onyo hilo. Watu wanaamini moshi ndio unaoua, kwa hiyo wanawasha jiko nje, wanasubiri moshi uishe, ndipo wanaliingiza. Wanaingiza jiko salama kwa macho, na hatari iko palepale. Korea Kusini, miaka ya 1960 na 1970, familia zilizopasha sakafu zao kwa makaa ya mawe yaliyofinyangwa zilipoteza watu wengi kwa njia hiyohiyo, wamelala.

Hapa ndipo kazi yangu inanitia wasiwasi, na ninasema wazi kila nyumba ninayoingia. Chumba kisicho na dari kina mwanya, na ule mwanya, pamoja na kutuletea baridi, umekuwa ukiokoa maisha ya watu bila wao kujua. Siku nitakapoziba mwanya na kupiga dari, jiko la mkaa lililokuwa likiwaumiza kichwa linaweza kuwaua. Sikabidhi kazi kabla ya kuwaita baba, mama na watoto wakubwa na kuwaambia: kuanzia leo, jiko la mkaa halivuki mlango huu. Mama mmoja wa Kizwite aliniuliza, "Sasa fundi, umenipigia dari halafu unaninyang'anya moto?" Nikamjibu, "Mama, moto huo ulikuwa unapasha bati. Lala siku mbili bila jiko, kisha unipigie simu."

Kama unataka moto wa kuni ndani, basi uwe na bomba la moshi, na sisi Wafipa tunalijua jambo hilo tangu zamani. Wahunzi wa Ufipa walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, yenye kimo cha mita 3 hivi, na mirija ya udongo imepangwa chini kuzunguka kitako. Hawakuhitaji mtu wa kuvuta mivukuto kwenye tanuri lile kubwa. Hewa ya moto ilipanda juu, ikavuta hewa mpya kupitia mirija, na tanuri likajipulizia lenyewe. Kazi hiyo ilikoma katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lakini mabaki yake bado yapo, na mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameandika kwa kina kuyahusu. Bomba la moshi la nyumbani linafanya kazi kwa kanuni ileile.

Tatizo ni kwamba mvuto ule haubagui. Meko ya wazi ukutani, ya mtindo wa nyumba za kikoloni, inavuta moshi pamoja na hewa ya joto ya chumba kizima. Kati ya joto lililomo kwenye kuni, chumba kinapata asilimia 10 au 15. Inapendeza kuitazama, basi. Jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango, kidirisha cha kupunguza hewa na bomba linalopita darini, linakupa asilimia 60 hadi 70. Mafundi wetu wa kuchomelea wanaweza kulitengeneza ukiwachorea, ila bomba lisiguse mbao za dari. Mwenye mikaratusi yake shambani, mtu wa Laela au Kaengesa kwa mfano, namshauri jiko hili kabla ya lingine lolote, mradi kuni zikaushwe miezi kadhaa. Na azitumie hivyohivyo, asizichome kuwa mkaa: kwa tanuri la kienyeji la kufukia udongo, kilo 1 ya mkaa inakula kilo 5 hadi 10 za kuni. Msitu wa Mbizi ulio juu ya mji wetu si mkubwa.

Umeme ni suala la hesabu. Hita ya wati 1,500 ikiwaka saa tatu kila jioni inakula uniti 4.5, yaani uniti 135 kwa mwezi. Aliye kwenye daraja la matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75, na zinazozidi hutozwa 350, kwa hiyo hita peke yake inamtoa kwenye unafuu. Kwa daraja la kawaida la shilingi 292 kabla ya kodi na tozo, jioni moja ni shilingi 1,314. Kiyoyozi cha aina inayopuliza pia joto kinanunua uniti moja na kuleta joto la uniti tatu hivi, kwa sababu hakizalishi joto, kinalichota nje na kuliingiza ndani, hata nje kukiwa na nyuzi 10. Ni chombo kizuri sana, ghali, na kinahitaji umeme usioyumba. Hoteli ingeweza. Mwalimu mwenye nyumba ya vyumba vitatu ana mahitaji mengine.

Huyo mwalimu namwambia apashe mtu, asipashe nyumba. Lita moja na nusu ya maji, ukiichemsha kwa birika la umeme, inakula kama uniti 0.13, shilingi 40 hivi. Iache ipoe kidogo, itie kwenye mfuko wa mpira, uuzungushie kitambaa na uuweke miguuni chini ya blanketi. Unalala na joto hadi usiku wa manane kwa bei ambayo ni chini ya sehemu moja ya thelathini ya ile hita.

Hita ya gesi isiyo na bomba siipendi. Kila kilo ya gesi ikiungua inaacha chumbani kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, na mvuke huo unaishia ukutani na kwenye nguo. Gesi ichemshe maji na ipike.

Na kuhusu kupika, nina neno kwa wanaosimamia Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, maana nimeona mapafu ya mama zetu yalivyochoka. Lakini Ufipa moto wa jikoni ulikuwa na kazi mbili. Ulipika ugali, kisha bibi na wajukuu wakaota humohumo hadi saa ya kulala. Mtungi wa gesi unaivisha chakula upesi na kuzimwa, na saa mbili usiku bibi anatetemeka. Ndipo jiko la mkaa linapoingizwa chumbani. Mahali penye baridi kama hapa, Makete au Lushoto, mtungi ungepaswa kufuatana na elimu ya dari na ya hiyo hewa ya sumu, la sivyo tunaondoa moshi jikoni na kuleta sumu kitandani.

Anayejenga sasa aelekeze madirisha makubwa kaskazini. Sisi tuko nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na mwezi wa sita jua la adhuhuri linainamia kaskazini, nyuzi 59 hivi juu ya upeo. Linaingia dirishani na kupasha sakafu bure, katika miezi tunayolihitaji.

Kwa aliyekwisha kujenga na fedha zake zinakuja kidogo kidogo: ziba mwanya, kisha piga dari chumba cha watoto na cha wazee. Wateja wangu wengi huanza na sebule ili mgeni aione, na watoto wanaendelea kulala chini ya bati. Sebule isubiri. Na unipigie mwezi wa nne. Ikifika wa sita mafundi wote tumeshikwa na kazi.