Mwanachuo Anawajibika kwa Nani? Somo Kutoka Musoma

Wanachuo wenzangu, wengi wetu kile kijitabu cha kanuni tulichopewa wiki ya kwanza hatujui hata kiko wapi. Changu nilikikuta chini ya godoro, nikakisoma nikiwa mwaka wa tatu. Kuna kosa langu nilikuwa nalitafuta humo. Sikulikuta.

Kanuni za vyuo vyetu zinafanana sana. Usiibe mtihani, usighushi cheti, usimpige wala kumnyanyasa mwenzako, usiharibu mali ya chuo. Ukituhumiwa, unapaswa kuelezwa tuhuma zako, kupewa nafasi ya kujitetea mbele ya kamati ya nidhamu, na usiporidhika unakata rufaa. Haki hiyo ya kusikilizwa ishike vizuri, maana wapo wanaosaini karatasi kwa woga bila kuisoma. Adhabu zinaanzia onyo hadi kufukuzwa.

Yote hayo ni ya lazima. Lakini kanuni zinakuambia zaidi mambo ya kutofanya. Hazikuambii sana unawajibika kwa nani. Swali hilo nchi yetu imeligombania zamani, na sehemu ya ugomvi wenyewe iliamuliwa hapahapa kwetu Mara.

Tuanze Dar es Salaam, tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wahitimu wa vyuo watumikie taifa kwa miaka miwili kupitia JKT: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini huku wakikatwa asilimia 60 ya mshahara. Wanafunzi walivaa majoho yao wakaandamana hadi Ikulu kupinga. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Waliuliza kwa nini wao wabane mkanda wakati wakubwa wanakula mishahara minono. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, aliwasikiliza, akakasirika, na akatangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Wengi wao walirejeshwa masomoni mwaka uliofuata.

Februari 1967 likaja Azimio la Arusha likiwa na masharti ya viongozi, na Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea. Kwa hiyo ukitazama vizuri, swali la wanafunzi kuhusu wakubwa halikupotea. Walipoteza mabishano kwa sababu walianza na mshahara wao, katika nchi ambayo mkulima aliyelipa kodi ya kuwasomesha hakuwa na mshahara wowote.

Miaka minane baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma. Azimio la Musoma tunalikumbuka kwa UPE, yaani kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Sehemu yake ya pili tunaisahau. Iliamuliwa kwamba mtu asitoke kidato cha sita akapitiliza chuo kikuu. Kwanza atumikie JKT, afanye kazi angalau miaka miwili, halafu aje na barua za kumpendekeza kutoka kazini kwake na kwenye tawi la chama. Hebu fikiria: wanaokufahamu kazini na mtaani wanaulizwa kama unafaa kusoma kwa jasho la umma.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro. Wasichana waliotakiwa kungoja miaka yote hiyo wengi hawakurudi masomoni, ikabidi wao walegezewe sharti. Na barua ya tawi ingeweza kumkwamisha kijana mwenye akili kwa sababu tu ana mdomo. Miaka ya 1980 sharti hilo likaachwa. Siombi lirudi. Ila tulipoiacha barua, nadhani na swali lililokuwa ndani yake tuliliacha.

Sasa niseme langu.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja wilayani Bunda. Nilikuwa na Kiswahili kidato cha pili. Kuna binti alikuwa amekosa shule wiki mbili akimuuguza bibi yake. Nikamwambia, "Njoo Alhamisi, tutapitia ulichokosa, usiwe na wasiwasi." Jumatano usiku bumu likasoma. Alhamisi asubuhi, mimi na wenzangu wawili tukapanda gari kwenda Musoma. Tukapita Makutano, kwenye njia ya kwenda Butiama, tukicheka. Nilinunua simu, tukala sato pembeni ya ziwa, tukarudi usiku.

Jumamosi nikasikia hodi. Alikuwa yule bibi, anatembea kwa fimbo, na mjukuu wake nyuma kabeba mfuko wa viazi vitamu. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akasema, "Pole mwanangu. Huyu ameniambia juzi mwalimu hakutokea, nikajua unaumwa. Mwalimu hawezi kuacha watoto hivihivi." Nikajibu, "Asante bibi, sasa naendelea vizuri." Nikapokea viazi.

Hakuna kamati iliyoniita. Msimamizi wangu hakuwahi kujua, na alama zangu za mazoezi ni nzuri. Ndiyo maana kwenye kijitabu sikulikuta kosa langu. Hata kama kukacha kipindi kumeandikwa mahali, kupokea viazi vya mtu uliyemdanganya hakujaandikwa popote.

Tunapenda kusema bumu ni mkopo, "nitalipa mwenyewe, nisisumbuliwe." Ni kweli, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Lakini deni la Bodi ya Mikopo lina kiasi na lina mwisho. La yule binti ni la vipindi viwili ambavyo hakuna makato yatakayovirudisha. Nilimfundisha wiki iliyofuata, kweli, lakini sikumwambia nilikuwa wapi.

Kwa hiyo kuwajibika kwa jamii maana yake nini kwetu? Kwanza, wajibu hauishii getini. Geto ulilopanga mtaani lina majirani wanaoamka alfajiri kwenda shamba au ziwani. Muziki wako wa saa nane usiku unawahusu. Pili, ukienda kwenye mazoezi ya kufundisha, ya hospitali au ya ofisini, wewe si mgeni wa muda. Kwa anayekuhitaji siku hiyo, wewe ndiye mwalimu au mganga aliyepo. Tatu, kuwajibika si kunyamaza. Fedha ya serikali ya wanafunzi ikipotea, uliza. Mhadhiri akidai rushwa ya ngono, ripoti, na umsindikize mwenzako anayeogopa. Wa mwaka 1966 hawakukosea kuuliza. Sisi tuulize tukiwa tumeanza na ya kwetu.

Kipimo ninachotumia siku hizi nimekiazima Musoma. Najiuliza: kama leo barua yangu ingeandikwa na watu wa pale nilipofundisha, ingesemaje? Bibi angeandika nzuri sana. Mjukuu wake sina hakika, kwa sababu siku ile mlangoni alikuwa akiitazama simu yangu mpya, na hakusema kitu.