Mkwaruzo kwenye rangi ya gari: Kina chake ndicho huamua tiba

MKWARUZO kwenye rangi ya gari huchukuliwa na wengi kuwa doa la urembo tu. Hata hivyo, kwa mtu anayelitegemea gari lake kupata riziki, alama hiyo yaweza kuwa mwanzo wa hasara ambayo ingeepukika kwa kazi ya saa chache na vifaa vinavyotosha kwenye mfuko mmoja.

Katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, eneobunge la Embakasi Kusini jijini Nairobi, si rahisi gari kumaliza mwaka bila kuchubuliwa. Njia ni finyu, ncha za mabati zimechomoza kutoka kwa kuta za nyumba, na gari la teksi au la kusambaza mikate hulazimika kugawana nafasi na mikokoteni ya mitungi ya maji, bodaboda na watu wanaotembea kwa miguu.

Alama ikishaingia, wenye magari wengi hufuata mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaoipuuza hadi kutu ianze kuula mlango. Wapo pia wanaokimbilia kupakisha mlango mzima rangi mpya, ilhali kasoro ingefutika kwa kitambaa na dawa ya kusugulia. Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja: hakuna aliyepima kina cha mkwaruzo kabla ya kuamua.

Rangi ya gari si kitu kimoja. Juu ya bati la chuma, kiwanda hupaka kwanza rangi ya kinga ambayo mafundi huiita praima. Kazi yake ni kushikamana na chuma na kuzuia kutu. Juu yake huja rangi yenyewe, iwe nyeupe, nyeusi au ya fedha. Mwisho kabisa, katika magari mengi ya kisasa, huja tabaka angavu lisilo na rangi, linalojulikana katika gereji kama klia, ambalo hutoa mng'ao na kuyakinga matabaka ya chini dhidi ya jua.

Matabaka hayo kwa pamoja huwa na unene wa kati ya mikroni 100 na 150 hivi. Mikroni moja ni sehemu moja ya 1,000 ya milimita, na karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina takriban mikroni 100. Kwa hivyo, kinga yote ya gari haizidi sana unene wa karatasi moja, na klia pekee ni kama nusu ya karatasi hiyo.

Ukaguzi huanza kwa kuosha sehemu iliyochubuka kwa maji na sabuni, kwa kuwa vumbi huweza kuifanya alama ndogo ionekane kubwa. Wakati mwingine kinachoonekana kuwa mkwaruzo ni rangi ya gari jingine au ya lango iliyobaki juu ya klia, nayo huondoka kwa kusuguliwa taratibu.

Baada ya hapo, mwenye gari apitishe ukucha juu ya alama, akikata njia yake. Ukucha ukiteleza bila kunasa, na alama ikitoweka kwa muda inapolowa maji, mkwaruzo haujavuka klia. Ukucha ukinasa, atazame rangi iliyo ndani ya mfereji. Akiona rangi tofauti na ya gari, mara nyingi kijivu au nyeupe, praima imefikiwa. Akiona chuma kinachong'aa au wekundu wa kutu, kinga yote imekwisha.

Ni muhimu pia kujua alama iko juu ya nini. Bampa za magari mengi ya siku hizi ni za plastiki, na plastiki haishiki kutu. Sumaku ndogo inatosha kuondoa shaka: ikinata, chini ya rangi kuna chuma. Mkwaruzo wa bampa unaweza kusubiri mwisho wa mwezi. Ule uliofikia chuma cha mlango haupaswi kusubiri, hasa mvua za Machi hadi Mei zinapokaribia, kwa maana kutu huhitaji maji na hewa tu ili ianze kutambaa chini ya rangi iliyo nzima. Usipoziba ufa, wahenga walisema, utajenga ukuta.

Mkwaruzo usiovuka klia hauhitaji rangi yoyote. Kinachohitajika ni dawa ya kusugulia, ambayo madukani huitwa kompaundi, na kitambaa laini kisicho na mchanga. Dawa hupakwa kidogo na kusuguliwa kwa mkono hadi alama ififie, kisha sehemu hiyo hufutwa na kupakwa polishi. Alama ikikaidi, msasa wa maji wa namba 2000 au 3000 huweza kutumika kwa mapigo machache, ukiwa umelowa daima, kabla ya kurudia kompaundi.

Tahadhari ni kwamba kazi hii haijazi mfereji. Hupunguza klia iliyo pembeni hadi usawa ulingane. Klia iliyoondolewa hairudi, na Nairobi, iliyo karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hupigwa na jua kali. Ikizingatiwa kwamba magari mengi nchini huagizwa yakiwa yametumika, mnunuzi hajui yalisuguliwa mara ngapi awali. Ni heri kuacha alama hafifu kuliko kutoboa klia kwa kuitafuta.

Mkwaruzo uliofika kwenye praima au chuma ndio unaohitaji rangi. Rangi hiyo hainunuliwi kwa kukisia. Kila gari lina namba ya rangi yake, na kwa magari mengi ya Toyota hupatikana kwenye kibandiko au kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, kando ya herufi C/TR. Namba 040, kwa mfano, ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu, 1F7 ni ya fedha na 202 ni nyeusi. Weupe wa 040 na wa 070 hufanana gizani, lakini juani havilingani hata kidogo.

Kazi yenyewe hufanywa kivulini, asubuhi, bati likiwa baridi. Kipande kidogo cha msasa wa namba 400 hukunjwa na kupitishwa ndani ya mfereji tu, hadi kutu yote iishe na chuma king'ae. Vumbi hufutwa kwa spiriti. Petroli na mafuta ya taa havifai, kwa kuwa huacha mafuta yanayozuia rangi kushika. Pembeni hubandikwa tepu ya karatasi.

Praima hutiwa kwa brashi nyembamba au ncha ya kijiti cha meno, ikijaza mfereji bila kumwagikia rangi nzima. Ikishakauka, rangi hufuata kwa mipako miwili au mitatu myepesi, kila mmoja ukipewa nusu saa hadi saa moja, au muda unaoelekezwa kwenye chupa. Mpako mmoja mzito hukauka juu na kubaki mbichi ndani. Mwisho hutiwa klia hadi iinuke kidogo kuliko usawa wa bati.

Hapo ndipo wengi hukosa subira. Uvimbe huo mdogo wa klia unafaa kuachwa ukauke kwa siku kadhaa, na zaidi katika baridi ya Julai, kabla ya kusawazishwa kwa msasa wa maji wa namba 2000 uliozungushiwa kipande kidogo bapa cha mbao au mpira. Baada ya hapo huja kompaundi na polishi. Nta haifai kupakwa juu ya rangi mpya kabla ya takriban mwezi mmoja.

Matokeo ya kazi ya brashi si kamili, na ni vyema kuyakubali hivyo. Rangi nyeupe au nyeusi ya kawaida huweza kufichika vizuri. Rangi ya fedha haifichiki kwa urahisi, kwa sababu ndani yake mna chembechembe za alumini ambazo hujipanga kwa namna moja zinapopulizwa na kwa namna nyingine zinapopakwa kwa brashi. Rangi ya lulu ni ngumu zaidi kwa kuwa hutegemea mipako inayopitisha mwanga. Hata hivyo, lengo la kwanza ni kukinga chuma, na lengo hilo hutimia hata kama jicho kali litaiona alama.

Kuna njia za mkato zinazosifiwa mitaani. Dawa ya meno husugua kidogo na huweza kupunguza alama nyepesi sana, lakini huacha ukungu kwenye klia. Rangi ya viatu huficha tu, nayo huondoka gari linapooshwa. Rangi ya kucha huziba chuma kwa muda, lakini hailingani na rangi ya gari, na siku ya matengenezo halisi lazima ikwanguliwe yote.

Lililo hatari zaidi ni kuipeleka bunduki ya kupulizia rangi nyumbani. Hadina, kigumishi kinachochanganywa na rangi na klia nyingi za kisasa, huwa na kemikali ziitwazo isosayaneti, ambazo ni chanzo kinachojulikana cha pumu miongoni mwa wapuliza rangi. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Mafundi wenye vifaa kamili hufanyia kazi hiyo katika chumba chenye feni za kutoa hewa, wakivaa vifaa vinavyowaletea hewa safi. Katika mtaa ambamo familia mbili hutenganishwa na bati moja, anayeupokea mvuke huo ni mtoto wa jirani.

Msongamano huo si siri. Mwaka 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la kupangwa upya, ikijumuisha Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani. Mahali kama hapo, moto hausubiri. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, na huweza kulifikia jiko linalowaka mlango wa pili. Wakazi wa eneo hilo hawahitaji kukumbushwa Septemba 12, 2011, wakati petroli iliyovuja kutoka kwa bomba iliposhika moto katika mtaa jirani wa Sinai na kuua zaidi ya watu 100. Chupa ndogo ya thina si bomba la mafuta, lakini kanuni ni ile ile: mvuke, cheche na nyumba zilizobanana.

Kwa sababu hiyo, kazi ya nyumbani iishie kwenye brashi, kijiti na msasa, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara. Mabaki ya thina na rangi yasimwagwe mtaroni, kwani mitaro ya Mukuru humwaga maji yake katika mto Ngong, ambao huungana na mto Nairobi na hatimaye kufikia mto Athi.

Fundi ndiye anayefaa pale bati lilipobonyea, kutu ilipovimbisha rangi, au mkwaruzo ulipovuka milango miwili. Hata hapo, mwenye gari asimwachie funguo na kuondoka. Aulize namba ya rangi itakayotumika, aombe rangi hiyo ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha bati na kulinganishwa juani, na aone kutu ikiondolewa kabla ya praima kupakwa. Kutu iliyofunikwa huendelea na kazi yake gizani.

Mwenye gari akumbuke pia siku ya kuuza. Mnunuzi makini huja na sumaku yake, na mlango uliopakwa upya wote humfanya aulize kama gari liliwahi kupata ajali. Alama ndogo iliyozibwa mapema na kwa usafi haimtii shaka kama hiyo. Kwa dereva ambaye bado analipa mkopo wa gari lake, huenda dakika tano za ukucha, maji na sumaku zikawa ndizo zitakazolinda sehemu ya bei yake siku hiyo ikifika.