Lupita Nyong'o, Mwanafunzi wa Jukwaa

Kijana wa Katogota, au wa Luvungi, Sange na Kiliba, aliyepata kuitazama sinema ya Black Panther ya mwaka 2018, bila shaka anamkumbuka Nakia, jasusi wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda, na yamkini analijua hata jina la mwanamke aliyemwigiza, Lupita Nyong'o wa Kenya. Walakini ni wachache, hapa katika bonde la Ruzizi na kwingineko, waliopata kuelezwa kwamba mwanamke huyo alianza kazi yake jukwaani, mbele ya watu walioketi hatua chache kutoka kwake, na kwamba hata sinema ilipompa fahari ya dunia nzima aliendelea kulirudia jukwaa kama mwanafunzi amrudiavyo ustadhi wake. Habari za kazi hiyo zinastahili kuelezwa kwa utaratibu, maana wengi hudhani kuwa msanii mwenye sura nyingi huzaliwa nazo, ilhali ukifuatilia maisha ya Lupita utaona kwamba kila sura aliisomea.

Lupita alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika jiji la Mexico, ambako baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, msomi wa siasa ambaye baadaye alikuwa waziri, seneta na gavana wa Kisumu, alikuwa akifundisha chuoni baada ya kuihama Kenya katika zama ambazo serikali haikuwastahimili wakosoaji wake. Jamaa hao walirejea kwao yeye angali mtoto, akalelewa Nairobi, na huko, alipokuwa na umri wa miaka 14, kundi la Phoenix Players likampa nafasi ya Juliet katika tamthilia mashuhuri ya Shakespeare. Si jambo jepesi kwa binti wa umri huo kuhifadhi maneno marefu ya ushairi na kuyatamka mbele ya kadamnasi ya watu wazima, tena kwa sauti ya kumfikia aliye nyuma kabisa.

Baadaye alikwenda Marekani kusoma sanaa za filamu na jukwaa katika chuo cha Hampshire. Na sinema ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipokuwa ikipigwa nchini Kenya, Lupita alikuwamo katika kundi la wasaidizi wasioonekana na watazamaji. Hapo ndipo mwigizaji Ralph Fiennes, alipoambiwa na msichana huyo kwamba anatamani kuigiza, alipomnasihi aishike kazi hiyo ikiwa tu hawezi kuishi pasipo nayo. Mwaka 2009 aliongoza filamu ya maisha halisi iitwayo In My Genes, ihusuyo watu wenye ualbino nchini Kenya, na akaigiza katika Shuga, mchezo wa televisheni uliowazindua vijana juu ya UKIMWI. Mwigizaji kijana mwenye mambo hayo mkononi angeweza kujiona amekwisha fuzu. Yeye alijiunga na skuli ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Yale, akacheza humo kazi za Shakespeare na Chekhov, akahitimu mwaka 2012.

Alikuwa ndiyo kwanza anatoka chuoni alipochaguliwa na mwongozaji Steve McQueen kuwa Patsey katika 12 Years a Slave, sinema ya mwaka 2013 iliyotokana na maisha ya kweli ya Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa na kuuzwa utumwani huko Louisiana. Patsey ni mtumwa achumaye pamba kuwapita wanaume wote wa shamba, lakini ustadi huo haumletei rehema yoyote, kwa maana bwana wake humtamani na bibi wa nyumba humwonea wivu. Siku moja hutoroka kidogo kwenda shamba jirani, akarudi na kipande cha sabuni, kwa sababu bibi huyo amemnyima hata cha kuogea, na kwa kosa hilo hufungwa nguzoni na kupigwa mijeledi. Kabla ya kufungwa hukieleza kisa chake mbele ya bwana, na humo mwigizaji huchanganya hofu, uchovu na heshima ya nafsi isiyokubali kuvunjika, kwa namna isiyofutika akilini mwa mtazamaji. Tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, akawa Mkenya wa kwanza kuipata tuzo hiyo.

Tangu hapo amevaa sura ambazo ni vigumu kuamini kuwa ni za mtu mmoja. Katika Star Wars ya mwaka 2015 uso wake haukuonekana kabisa, bali mienendo yake ilinaswa kwa mitambo ikageuzwa kuwa ya kiumbe kizee kiitwacho Maz Kanata. Katika Queen of Katwe ya mwaka 2016 alikuwa Harriet, mjane maskini wa Kampala, mama wa Phiona Mutesi, binti aliyepata sifa kwa mchezo wa sataranji. Katika Us ya mwaka 2019 aliwaigiza mahasimu wawili peke yake, mwanamke na pacha wake wa kutisha, na ili kumpa huyo wa pili sauti ya kukwaruza alichunguza maradhi yanayokaza nyuzi za sauti za binadamu.

Ipo haja ya kueleza tofauti iliyopo baina ya kuigiza katika sinema na kuigiza jukwaani. Mbele ya kamera tukio hurudiwa mara nyingi mpaka mwongozaji aridhike, mwisho wa kisa huweza kupigwa kabla ya mwanzo wake, na kupepesa jicho tu hutosha kuwa maneno. Jukwaani hakuna kurudia. Likipotea neno limepotea, kisa hushikwa tangu mwanzo hata tamati bila kukatwa, na kesho yake hadhira mpya hudai machozi yale yale kana kwamba hayakupata kutoka jana.

Kwa ajili hiyo watu walishangaa mwaka 2015 Lupita alipokwenda kucheza Eclipsed katika ukumbi wa Public Theater, New York, ilhali milango ya sinema ilikuwa wazi. Tamthilia hiyo, iliyoandikwa na Danai Gurira, Mmarekani mwenye asili ya Zimbabwe, haikuwa ngeni kwake, kwani mwaka 2009, akiwa mwanafunzi wa Yale, aliwahi kupewa ndani yake kazi ya mwigizaji wa akiba, yaani yule ahifadhiye maneno yote ili amrithi mwenzake akipatwa na udhuru. Kisa chake ni cha Liberia wakati wa vita, mwaka 2003, katika kambi ya waasi, ambamo wanawake waliotekwa wamefanywa wake wa kamanda mmoja na kuitwa kwa nambari zao badala ya majina. Kamanda mwenyewe hatokezi jukwaani hata mara moja. Wanawake husimama kwa safu, na ishara ya mtu asiyeonekana ndiyo ichaguayo nani aende. Lupita alikuwa msichana mgeni wa kambi hiyo, ajuaye kusoma, awasomeaye wenzake kitabu cha maisha ya Bill Clinton kilichopatikana katika nyara, kisha akavutwa kushika bunduki ili asiguswe tena.

Mchezo huo ulihamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za jiji la New York, mwaka 2016, ukawa wa kwanza huko ambao mwandishi, mwongozaji na waigizaji wake wote ni wanawake weusi, naye Lupita akateuliwa kuwania tuzo ya Tony, iliyo tuzo kuu ya jukwaa huko. Hapa Katogota, mahali palipotajwa katika taarifa za dunia kwa mauaji ya raia ya Mei 2000, hahitajiki mfasiri wa kueleza kwa nini kisa kama hicho kinapaswa kuigizwa.

Agosti 2025 alirudi tena kwa Shakespeare, ambaye wasomaji wa Kiswahili humjua kwa tafsiri za Mwalimu Julius Nyerere. Katika ukumbi wa wazi wa Delacorte, New York, ambako watu huingia bure, alikuwa Viola wa Twelfth Night, na pacha wake aliyepotezana naye baharini aliigizwa na ndugu yake wa tumbo moja, Junior Nyong'o. Mwongozaji Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya, aliwaacha mapacha hao waseme Kiswahili wao kwa wao, na lugha yetu ikasikika jukwaani katikati ya jiji kubwa la Marekani.

Basi walimu, wazazi na viongozi wa dini wa bonde hili, mnaoandaa michezo ya kuigiza kila sikukuu na kila mwisho wa mwaka wa masomo, msiihesabu kuwa ni mzaha wa watoto, wala msimkataze binti kuicheza kwa kuogopa maneno ya watu. Mpeni maneno marefu ayahifadhi, mfundisheni kupaza sauti imfikie aliye nyuma, na msahihisheni anapokosea. Lupita Nyong'o alipewa hayo Nairobi akiwa na miaka 14, na hayakuhitaji mali nyingi.