Unavuta trela? Seti breki zake kabla uteremke Mai Mahiu
Wewe na maboyz mnashuka Mai Mahiu, pikapu inavuta trela imejaa mahema na mitungi ya maji. Unakanyaga breki, gari inapunguza, lakini trela bado inakusukuma. Hiyo ni noma.

Kama trela ina breki za stima, kontrola ndiyo huiambia ishike lini na kwa nguvu gani. Kama haina, usitupe doh, haitasaidia. Chungulia waya zinazoingia kwa magurudumu kwanza.

Ziko aina mbili. Ile ya bei ya chini hutuma nguvu uliyoseti, hata ukikanyaga polepole. Ile ingine huhisi vile gari inapunguza mwendo na kushika trela kwa kiasi hicho. Msee, chukua hiyo.

Kuseti, pakia mzigo wako wa kawaida, tafuta barabara tambarare haina watu, enda kama 40 km/h, kisha bonyeza swichi ya mkono. Tairi za trela zikifunga na kuburuta, punguza kidogo. Zikishika kiuvivu, ongeza. Mzigo ukibadilika ama mvua ikinyesha, rudia.

Na trela ikianza kuyumba kushoto kulia, usipanik ukanyage breki za gari. Bonyeza hiyo swichi pekee, trela ivutike nyuma inyooke.